Skafu ya Mtindo wa Zamani: Jinsi ya Kuichagua, Kuipima na Kuifunga

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Nimepata gauni la kloshi la miaka ya 50, nimelivaa na skafu, lakini nikijitazama kwenye kioo naona kama nakwenda kufagia uwanja. Nakosea wapi?" Mwingine: "Fundo linafunguka kabla sijafika kituo cha basi." Mwingine: "Muuzaji ameniapia ni hariri. Nitajuaje?" Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu. Sasa nayaweka mahali pamoja.

Nianze na jambo ambalo miaka ya kuchambua mitumba imenifundisha: mara nyingi tatizo si mikono yako. Watu wanajilaumu kwamba hawajui kufunga, kumbe wameshika kitambaa cha sentimeta 50 na wanalazimisha fundo linalotaka 90. Kipimo ndicho kinachoamua fundo, na fundo ndilo linalotaja zama. Gauni lako linaweza kuwa la 1955 kabisa, lakini ukilifungia skafu kwa namna ya 1975, jicho la mtu linasita hata kama hajui kwa nini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi ya fundi cherehani, ile laini
- Skafu moja ya mraba. Kama huna hata moja, anza na ya sentimeta 70 kwa 70
- Vibanio vyembamba vya nywele, vinne au sita
- Pini ndogo mbili za kufunga
- Kioo kikubwa, na kingine kidogo cha kutazamia kisogoni
- Shampuu isiyo kali, beseni, taulo safi na pasi
- Kipande cha kitambaa cheupe cha pamba

Huhitaji skafu ya gharama. Yangu ninayoipenda kuliko zote niliipata kwenye rundo la mitumba katika soko la Karume, Dar es Salaam, muuzaji anapiga kelele "chagua buku, chagua buku!" na mimi nimechuchumaa nazipitisha vidoleni moja moja.

Hatua ya 1: Amua ni zama zipi

Usiseme "zamani" tu. Zamani ni pana. Tazama nguo uliyonayo, kisha amua.

Miaka ya 40 ni kitambaa cha kichwani kilichofungwa utosini. Kilikuwa cha kazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanawake wa Uingereza na Marekani waliingia viwandani kwa wingi, na nywele zilizoachwa wazi zingeweza kunaswa na mashine. Lile bango maarufu la Marekani la mwaka 1943, la mwanamke aliyekunja mkono na kuonyesha msuli, lilichorwa na J. Howard Miller, na kitambaa cha kichwani ni chekundu chenye madoa meupe. Ukitaka sura hiyo, tafuta pamba au reyoni (kitambaa laini kinachofanana na hariri) yenye madoa, mirabaraba au maua madogo. Hariri ilikuwa adimu wakati huo kwa sababu ilihitajika kwa parachuti. Hata hivyo kampuni ya Jacqmar ya London ilitoa skafu zenye michoro na maneno ya kuhamasisha watu wakati wa vita, na leo watoza vitu vya kale wanazisaka sana.

Miaka ya 50 ina sura mbili. Ya kwanza ni skafu ndogo shingoni, fundo likiwa pembeni, pamoja na blauzi na sketi ya kloshi au suruali inayoishia juu ya kifundo cha mguu. Ya pili ni skafu kubwa inayofunika kichwa, ikapita chini ya kidevu na kufungwa kisogoni, pamoja na miwani ya jua. Hii ya pili imebaki na jina la Grace Kelly, mwigizaji wa Marekani aliyeolewa na mtawala wa Monaco mwaka 1956.

Miaka ya 60 fundo linakuja mbele, chini ya kidevu, kama Malkia Elizabeth II alivyofunga miaka yote alipokuwa na farasi na mbwa wake mashambani. Rangi zinakuwa kali na maua yanakuwa makubwa. Kuelekea miaka ya 70 inaingia skafu ndefu nyembamba, inafungwa kuzunguka paji la uso au inaachwa ining'inie. Hiyo siizungumzii sana hapa, kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa kuharibu mavazi ya 50 ya watu.

Hatua ya 2: Pima kichwa, kisha pima skafu

Hapa usiruke. Zungusha futi kichwani juu ya nywele zako kama zitakavyokuwa siku hiyo. Ukisuka rasta au ukiacha afro, pima juu ya hizo hizo. Kichwa chenye nywele fupi huwa kama sentimeta 56. Chenye rasta nene kinafika 65 na kupita. Shingo ya mwanamke huwa kama 35.

Kanuni ninayoitumia: mzingo jumlisha 20. Hizo 20 ndizo za fundo na ncha zake. Urefu wa kupigia hesabu ni ule wa kona hadi kona, kwa sababu skafu hukunjwa mshazari.

- Skafu ya 45 kwa 45 ina mshazari wa 64. Inatosha shingo, mkia wa nywele au mkono wa mkoba. Kichwa haiwezi.
- Ya 55 ina 78. Inatosha kichwa chenye nywele fupi, fundo dogo la utosini.
- Ya 70 ina 99. Hii inafanya karibu kila kitu, ndiyo maana nimekuambia uanze nayo.
- Ya 90 ina 127. Hii ndiyo ya kuzungusha kidevuni hadi kisogoni. Kipimo hiki cha 90 kilipata umaarufu na skafu ya hariri ya Hermès, kampuni ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 1937, na hadi leo kampuni nyingi zinakifuata.

Kosa la kawaida: kununua kwa kuitazama imekunjwa. Skafu iliyokunjwa inadanganya. Ifungue, ishike kona mbili, ivute mshazari, pima. Kama umesahau futi, jipime mapema nyumbani kutoka ncha ya pua hadi ncha ya vidole vya mkono ulionyooshwa, ukariri namba yako. Yangu ni 88.

Hatua ya 3: Ichunguze kabla ya kulipa

Inyanyue dhidi ya mwanga. Unatafuta vitobo, nyuzi zilizovutwa na mistari ya njano kwenye mikunjo. Kitobo kidogo katikati kinaweza kujificha ndani ya mkunjo. Mstari wa njano wa miaka mingi mara nyingi hautoki, na kwenye hariri uzi wa hapo huwa umeshachoka: ukiuvuta taratibu kwa vidole viwili utausikia ukikatika. Hiyo iache.

Kisha tazama pindo. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Pindo la mkono limeviringishwa, nene kidogo, mviringo kama uzi wa sufu, na ukisogeza jicho karibu utaona mishono midogo iliyopishana nafasi, mmoja hapa, mwingine mbali kidogo. Mtu aliketi akaviringisha ukingo wote huo kwa vidole. Pindo la mashine limelala bapa na mishono yake ni sawasawa. Pindo la mkono si ushahidi wa ukale, maana linatengenezwa hadi leo, lakini linakuambia kwamba aliyeitengeneza alijali.

Lebo nayo inasaidia. Ikiwa na neno "polyester", haiwezi kuwa ya miaka ya 40: kitambaa hicho kiligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na kikaanza kuenea madukani miaka ya 50. Michoro ya beseni na pasi kwenye lebo ilienea kuanzia miaka ya 60. "Made in Occupied Japan" ni ya kipindi kati ya 1945 na 1952, Wamarekani walipokuwa wakiitawala Japani. Na ukiona kwenye kona jina "Vera" kwa mwandiko wa mkono, ni kazi ya Vera Neumann, msanii wa Marekani ambaye skafu zake za mwanzo alizichapa kwenye hariri ya parachuti iliyobaki baada ya vita. Jina hilo nimeshalikuta kwenye mitumba, chini kabisa ya rundo.

Isiyo ya kale kweli haina ubaya wowote. Tunatafuta sura, hatufungui makumbusho.

Na kama mitumba imekunyima, nunua mita moja ya pamba nyepesi yenye upana wa sentimeta 115, yenye madoa au mirabaraba, umpe fundi akate mraba wa 90 au miwili ya 55, apige pindo jembamba. Kitenge usitumie, ni kigumu na fundo lake linakaa kama ngumi. Leso, yaani kanga, nyepesi na iliyokwisha kufuliwa mara nyingi inakubali vizuri, na ina haki ya kuwepo hapa. Neno leso lenyewe limetokana na *lenço*, kitambaa cha mkononi cha Wareno, na inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani waliunganisha vitambaa hivyo sita sita kupata vazi moja.

Hatua ya 4: Jua ni kitambaa gani

Chomoa uzi mmoja pindoni, mrefu kama kidole. Ushike kwa kibano cha chuma juu ya sinia au sinki, mbali na skafu yenyewe na mbali na mikono ya nguo yako, kisha uuguse na moto wa kiberiti.

Hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Pamba na reyoni zinanuka karatasi. Polyesta inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi isiyosagika.

Onyo: punje hiyo ikiwa bado moto inanata kwenye ngozi. Usiiguse. Na jaribio hili ni la nyumbani, baada ya kununua. Sokoni usiwashe moto.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu hariri na satini huteleza na zitahitaji vibanio, pamba hushika yenyewe, na shifoni, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, hukaa vizuri shingoni lakini kichwani hupanda juu.

Hatua ya 5: Ifue peke yake

Lowesha kile kitambaa cheupe, kibonyeze kwenye rangi iliyokolea kwa nusu dakika. Kikibeba rangi, skafu hiyo inachuja. Mimi niliwahi kupuuza hili na skafu moja nyekundu. Nikaivaa mchana wa jua kali, jasho likashuka shingoni, na kola ya blauzi yangu ya rangi ya maziwa ikapata doa la rangi ya waridi ambalo halijatoka mpaka leo.

Isiyochuja: maji ya baridi, matone mawili ya shampuu, ichezeshe dakika tatu, suuza mpaka maji yawe safi. Usiikamue kwa kuisokota. Itandaze kwenye taulo, viringisha taulo, bonyeza. Anika kivulini. Inayochuja mpe dobi unayemwamini, au itumie kwenye mkono wa mkoba mweusi ambako haitamdhuru mtu.

Hatua ya 6: Pasi

Ikiwa bado na unyevu kidogo, upande wa nyuma, pasi ya moto mdogo. Simama kabla ya kufika pindoni. Pindo la mkono likikandamizwa linakuwa bapa na unene wake hauwezi kurudi kirahisi. Anza katikati, nenda nje, acha sentimeta moja.

Hatua ya 7: Jifunze fundo moja tu

Karibu kila fundo linalofunguka njiani ni fundo lililofungwa upande mmoja mara mbili. Fanya hivi: ncha ya kulia juu ya kushoto, pitisha chini, vuta. Kisha ncha ya kushoto juu ya kulia, pitisha chini, vuta. Tazama ncha. Zikilala kulia na kushoto kama mabawa, umepatia. Ikiwa moja inatazama juu na nyingine chini, umerudia upande uleule. Fungua, anza upya. Lifanyie mazoezi kwenye paja lako mara ishirini kabla ya kulipeleka kisogoni ambako huoni.

Hatua ya 8: Funga

*Utosini, miaka ya 40 (55 hadi 70, pamba)*

1. Kunja pembetatu.
2. Weka upande mrefu kisogoni, kwenye mstari wa nywele, ncha ya pembetatu ianguke juu ya paji la uso.
3. Pandisha ncha mbili kupitia nyuma ya masikio. Masikio yabaki nje.
4. Funga fundo juu ya ile ncha ya tatu, vidole vitatu juu ya mstari wa nywele. Ukifunga kwenye paji la uso lenyewe utafupisha uso.
5. Rudisha ncha ya tatu juu ya fundo, ichomeke nyuma yake. Ncha mbili za fundo ziache zisimame kidogo au zichomeke.

Kinachotofautisha hii na kitambaa cha kufagilia ni nywele za mbele na uso. Acha nywele kidogo mbele, zizungushe au zilaze kwa makusudi, vaa hereni na rangi ya mdomo iliyokolea. Picha za zama hizo zimejaa midomo myekundu.

*Kidevuni hadi kisogoni, miaka ya 50 (90, hariri au reyoni)*

1. Kunja pembetatu, kisha upande mrefu uukunje ndani sentimeta tano ili usikae na makali.
2. Uweke kichwani vidole vitatu nyuma ya mstari wa nywele. Usiushushe hadi kwenye nyusi.
3. Pishanisha ncha chini ya kidevu bila kufunga. Acha nafasi ya vidole viwili. Utahitaji kumeza mate na kucheka.
4. Zipeleke kisogoni, juu ya ile pembe ya tatu inayoning'inia, ufunge fundo.
5. Vuta kidogo kitambaa cha utosini kiinuke. Kikibana kichwa sana kinaonekana kama bandeji.

Dada unayevaa ushungi, hii ndiyo inayokufaa zaidi kwa sura, lakini mraba wa 90 hautakufunika shingo na kifua unavyotaka. Tafuta wa 110 na kuendelea, uvae juu ya kofia ya ndani na shati la kola ndefu. Inapendeza mno na koti la kiuno chembamba.

*Shingoni, miaka ya 50 (45 hadi 55)*

1. Itandaze. Leta kona mbili zinazotazamana zikutane katikati.
2. Endelea kukunja kila upande kuelekea katikati mpaka upate mkanda wa sentimeta tano.
3. Zungusha shingoni, fundo moja, lisogeze pembeni chini ya taya.
4. Nyoosha ncha mbili ziwe kama masikio ya sungura.

Kwa joto la Dar au Mombasa hii ndiyo ninayovaa mara nyingi. Kama umefunga mkia wa nywele, mkanda huohuo uzungushe hapo, fundo juu, ncha zishuke. Hakuna la zaidi.

Hatua ya 9: Linganisha na nguo

Chukua rangi moja iliyomo kwenye gauni, hata kama ni ya ua dogo, na iwe ndiyo rangi kuu ya skafu. Gauni la maua linapenda skafu ya rangi moja au ya madoa madogo. Gauni la rangi moja linabeba skafu yoyote. Kitu kimoja tu kiwe na kelele.

Tazama pia kola. Kola kubwa na skafu ya shingoni vinagombana. Peleka skafu kichwani au kwenye mkoba. Na usivae tatu kwa pamoja, kichwani, shingoni na mkobani. Nimeiona mara nyingi kwenye sherehe, na inauma kwa sababu kila kimoja kilikuwa kizuri peke yake.

Ikikataa

*Inateleza nyuma.* Ni hariri kwenye nywele laini au zenye mafuta. Vaa kwanza utepe wa mahameli kichwani, au ingiza vibanio viwili nyuma ya kila sikio vikishika skafu na nywele pamoja. Vipishanishe viwe kama alama ya msalaba.

*Inapanda juu kisogoni.* Upande mrefu umeukalisha juu mno. Ushushe mpaka uguse shingo, kisha ufunge upya.

*Kichwa kinauma baada ya saa moja.* Umebana. Hatari zaidi ni nywele za ukingoni, hasa kama umesuka, maana pamba iliyobana inazikatakata. Tanguliza kofia nyembamba ya satini, kisha ufunge juu yake.

*Fundo ni kubwa kama ndimu.* Kitambaa ni kizito. Usifunge fundo kabisa: pishanisha ncha, uzichome pini kwa ndani, kisha weka pini ya urembo juu yake. Kwenye hariri chomea karibu na pindo, katikati ya kitambaa pini huacha tundu.

*Inanuka stoo.* Ianike kivulini penye upepo siku mbili kabla ya kuifua. Usiipulizie manukato, yanaacha doa kwenye hariri. Jipulizie mwenyewe kwanza, yakauke, ndipo uvae.

*Ina doa la mafuta ya nywele.* Nyunyizia unga wa mahindi au poda ya mtoto, iache usiku kucha, ipanguse asubuhi kwa brashi laini, kisha ifue kama kwenye hatua ya 5. Likibaki kidogo, kunja skafu yako ili kona hiyo iwe ndiyo ile ya tatu inayokwenda kisogoni, chini ya fundo.